Mama Alipokataa Kushuka Garini

Pikapu yangu ina umri mkubwa kuliko nusu ya walimu ninaofundisha nao. Niliinunua Kiirua kwa mkulima wa viazi aliyekuwa ameiegesha kando ya ghala, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mke wangu alipoiona ikiingia uani kwetu Runyenjes, ikitoa moshi mweusi na kuvujisha mafuta karibu na maua yake, aliuliza swali moja tu: "Hii imekuja kukaa ama inapita?" Nikamwambia imekuja kukaa. Akaingia jikoni akafunga mlango.

Najua kuna watu siku hizi wanaotengeneza magari ya aina hii ili wayatumbukize matopeni makusudi na kupigwa picha. Siwacheki, maana na mimi ugonjwa huo umenishika. Lakini sikuanza kwa sababu hiyo. Nilianza kwa sababu ya mto mmoja na kwa sababu ya mama yangu.

Mama amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, aliyeolewa chini kabisa Mbeere, mbele ya Ishiara, mahali ambapo barabara inaisha kabla watu hawajaisha. Kati ya barabara na boma la mama mdogo kuna mto wa mchanga. Miezi mingi hauna tone la maji, ni mchanga mtupu, mpana kuliko uwanja wa mpira, na gari dogo likiingia halitoki. Mama hawezi kuuvuka kwa miguu kwa sababu ya magoti. Bodaboda alikataa katakata. Alisema hajafikia kiwango cha kumkumbatia mwanamume asiyemjua kwa umri wake huo.

Mume wa mama mdogo alipofariki, ilikuwa katikati ya mvua. Tulikodi gari, tukashuka na shada la maua na mkungu wa ndizi. Tulipofika mtoni tulikuta maji yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Ng'ambo, juu kidogo kwenye mteremko, tuliona hema la mazishi. Tulisikia nyimbo za kanisa. Mama alishuka garini, akasimama ukingoni na mwavuli wake, na hakutikisika mpaka wimbo wa mwisho ulipoisha tukaona watu wakitawanyika kwenda kula. Kisha akasema, "Turudi." Mimi nilikuwa nimeshika usukani nikilia kimyakimya, wala sioni haya kuandika hivyo.

Ni lazima nieleze jambo moja zaidi. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu mtoto huyo hupewa jina la baba yake mama. Kwa hiyo mama, aliyenizaa na kunichapa, huniita "baba." Mama mdogo naye huniita hivyo hivyo. Nikiwa mdogo nilifurahia sana, nikidhani ni cheo. Baadaye niligundua kwamba ni kazi. Mwanamke wa miaka themanini na ushei akikutazama na kukuambia, "Baba, nataka nimwone mdogo wangu kabla mmoja wetu hajalala," utafanya nini? Nilienda Kiirua.

Fundi wangu wa huko ana maneno machache na matusi mengi, na matusi yote huyaelekeza kwa gari. Mara ya kwanza alilala chini ya pikapu muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Alipotoka alijifuta mikono na kusema, "Mwalimu, injini iko poa. Ni mwenyewe alikuwa anaitesa. Shida ni springi, hizi zimechoka kabisa. Hata ukibeba Biblia peke yake inakaa chini."

Basi kila likizo nikawa napanda Kiirua. Fundi aliongeza vyuma viwili vya springi kila upande, alivyovitoa kwenye lori lililokufa, na mwili wa gari ukainuka shubiri nzima. Akabadilisha shokabsoba. Akanionyesha sehemu zote za kupiga grisi na kunilazimisha nizitaje bila kutazama, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu. Magurudumu ya mbele yana vifundo ambavyo sharti ushuke uvizungushe kwa mkono ndipo nayo yavute pamoja na ya nyuma. Vilikuwa vimeshikwa na kutu. Alivifungua, akavisafisha kwa dizeli, akavirudisha vikizunguka vizuri. Mwisho akaniundia bomba la kuvutia hewa, linalopanda kutoka ubavuni mwa boneti hadi juu ya paa, ili injini ipumue hata kukiwa na maji. Mimi nililiita mkonga.

"Na huu mkonga, maji ikifika hapa," alisema, akigusa kifua chake, "wewe songa tu. Ikipita hapa, uombe."

Nikauimba huo mkonga kila mahali. Nilimwonyesha mwalimu mkuu, mchungaji, na wazee wa kamati ya kiwanda cha kahawa. Mke wangu alinihesabia siku moja mara ngapi nimeutaja mezani, akasema nisipoacha atalala kwa dada yake.

Matairi niliyapata Githongo, kwa mtu aliyeendesha malori ya kahawa miaka mingi. Yalikuwa ya meno makubwa, yametumika lakini bado yana uhai. Aliniusia jambo moja kwa ukali: "Jaza presha mpaka uigonge ilie. Tairi laini ni ya mtu mvivu. Hii matope yetu inataka kitu ngumu, ikate mpaka chini ishike." Alisema kweli. Udongo wetu mwekundu ukilowa, tairi gumu hukata utelezi na kufika kwenye udongo mkavu. Nililijaribu kwenye mlima wa kwenda shuleni wakati wa mvua, nikapita watu wote wamekwama pembeni. Niliwapungia mkono. Nilikuwa na kiburi kibaya sana mwaka huo.

Mama ndiye hakuvutiwa. Alipoletwa kuiona pikapu iliyokamilika, aliizunguka na bakora yake, akasimama mlangoni, kiti kikiwa juu ya kiuno chake. "Baba," alisema, "umeinua gari ili nani apande?"

Nilirudi Kiirua. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachomelea ngazi ya vipandio viwili chini ya mlango wa abiria, na mshikio wa bomba la chuma kando yake, akaufunga kitambaa cha mpira ili usiumize mkono. Akatoa pia kiti kwenye basi bovu akakiweka badala ya kile cha kuku. Kati ya mambo yote niliyobadilisha, ngazi, mshikio na kiti ndivyo pekee mama alivyovisifu.

Tuliondoka likizo ya Aprili. Mvua zilikuwa zimechelewa, kahawa yetu imesinyaa majani, na mke wangu alibaki nyumbani kuiangalia na kuwa na wasiwasi kwa niaba yetu wote. Nyuma tulipakia ndizi, nduma, maparachichi, majani ya chai, sufuria moja na blanketi jipya. Mama alivaa kitambaa chake cha ushirika wa akina mama kanisani. Mpaka Ishiara alisimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyokuwa wakilala mkeka mmoja, na jinsi mdogo wake alivyokuwa akivuta shuka lote. Nyumbani tunaongea Kiembu. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini utamu wake mwingi umebaki kule.

Tulifika mtoni saa saba mchana. Mto ulikuwa mkavu kabisa. Nilishuka, nikazungusha vifundo vya magurudumu ya mbele, nikagonga matairi kwa kiatu yakalia vizuri, nikapanda. "Shikilia, mama," nikasema, na nikaingia mchangani kwa mwendo wa kasi, kama tunavyoingia matope kwetu.

Tulifika katikati. Hapo pua ya gari ikazama, injini ikanguruma, na tukasimama. Nikaongeza moto. Matairi yakazunguka yakirusha mchanga juu ya paa, na pikapu ikashuka chini taratibu. Nikashuka nikakata matawi ya miti ya miiba ukingoni, nikayasukuma chini ya matairi, ndivyo tufanyavyo nyumbani. Mchanga ukayameza. Nikaweka mawe, ukayameza. Nikaongeza moto tena. Baada ya nusu saa tumbo la gari lilikuwa limelala juu ya mchanga na ngazi ya mama imefukiwa.

Nilimwomba ashuke akapumzike kivulini. Alishika mshikio wake kwa mikono miwili.

"Mara ya mwisho nilishuka kwenye mto huu," alisema, "na sikuvuka. Leo sishuki."

Nilibembeleza. Nilikasirika. Nilisema maneno mengine ambayo mtu hamwambii mama yake, nikaomba msamaha papo hapo. Hakushuka.

Simu ikalia. Alikuwa mke wangu, anapiga kelele kwa furaha, nyuma yake nikisikia bati likipigwa. "Inanyesha! Baba watoto, inanyesha vile haijawahi! Tangu saa sita! Kahawa yote imekunywa!" Nilishangilia peke yangu katikati ya mto, mikono juu. Nilimwambia mama, naye akasema asante Mungu. Kwa dakika chache nilisahau kabisa nilipokuwa.

Wakati huo binamu yangu, binti mkubwa wa mama mdogo, alikuwa anateremka na mbuzi kutoka ng'ambo. Ni mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio mbali. Alimsalimu mama kwanza kwa heshima zote, kupitia dirishani, ndipo akanigeukia na kuuliza ninashangilia nini.

"Mvua!" nikasema. "Kwetu inanyesha tangu saa sita."

Uso wake ulibadilika. "Kwenu juu? Kubwa?"

"Kubwa sana!"

"Mwalimu," alisema polepole, kama anaongea na mtoto, "na unafikiri maji ya kwenu huenda wapi?"

Nilitazama juu. Mbingu ya Mbeere ilikuwa nyeupe na safi. Lakini nyuma yetu, upande wa mlima, kulikuwa na giza kama chungu. Maisha yangu yote nimeishi juu, na nimeshukuru mvua kila inaponyesha, na sijawahi hata siku moja kuifuata kwa mawazo inakokwenda ikishatoka shambani kwangu. Maji yaliyomzuia mama siku ya mazishi yalikuwa yetu wenyewe.

"Yanafika saa ngapi?" niliuliza.

"Saa tisa. Yakichelewa, saa tisa na nusu."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nilifungua mlango wa mama nikasema sasa namshusha, atake asitake, nitambeba mgongoni. Alijua kilichokuwa kinakuja, alikuwa amesikia yote. Akazidi kushikilia ule mshikio niliomtengenezea mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuijua. Niliogopa kumvunja mkono. Sijawahi kuogopa vile.

Nikasikia sauti ya hewa ikitoka, fyuuu. Nilizunguka gari mbio. Binamu yangu alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, amefungua kifuniko cha vali, na anabonyeza ndani kwa mwiba.

"Unafanya nini?" nilipiga kelele. "Unaniharibia matairi! Wakati kama huu!"

Hakuinua hata kichwa. "Nimeuzia chai watu wa malori ya mchanga tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe. Hakuna hata mmoja anaingia hapa na tairi ngumu kama jiwe. Nyinyi watu wa juu mnajua matope tu. Tafuta mwiba wako, uanze mbele."

Nilisimama pale, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha kwanza, nachora ubaoni mguu wa ngamia na mguu wa mbuzi, na kuwauliza ni upi utakaozama mchangani na kwa nini. Uzito ukienea mahali papana, mgandamizo unapungua. Mtoto asiyejibu hivyo hukosa alama. Nami nilikuwa nimeleta kwato nne za mbuzi mpaka jangwani na kuzigonga kwa kiatu kwa fahari.

Nilitafuta mwiba. Tulitoa upepo mpaka matairi yakabonyea na kutanuka chini kama mtu aliyechoka kusimama. Yeye akapiga magoti akichota mchanga kwa sufuria aliyoitoa nyuma ya gari, mimi kwa mikono. Mbuzi walikuwa wamekwisha kupanda ukingoni wenyewe, bila kuitwa, na binamu yangu aliwatazama mara moja tu akaongeza kasi.

"Sasa pole pole," aliniambia. "Gia ya kwanza ya nguvu. Ukisikia inataka kuzunguka, acha. Usiilazimishe."

Nilipanda. Mama alikuwa anasali kwa sauti ya chini, macho wazi. Niliachia klachi kidogo kidogo. Pikapu ilitetemeka, ikajivuta kiganja kimoja, ikasimama. Nikaacha. Nikajaribu tena. Ikajivuta kiganja kingine, halafu hatua, halafu ikapanda juu ya mchanga ikatambaa, pole pole, kwa mwendo wa bibi anayetoka kanisani, na sikuthubutu kupumua mpaka magurudumu ya mbele yalipogusa udongo mgumu wa ng'ambo. Nilipanda mteremko nikazima injini.

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Maji yalifika saa tisa na dakika kumi. Kwanza tulisikia ngurumo, halafu likaja povu la rangi ya kahawia limesukuma matawi na makapi na ndala moja ya mtoto, na nyuma yake mto mzima. Mahali tulipokuwa tumekwama palipotea. Niliketi kwenye ngazi ya mama nikalia kwa sauti, na safari hii nililia kwa shukrani tupu. Mama aliweka mkono kichwani pangu kutoka juu.

"Sasa nisaidie nishuke," alisema. "Tumevuka."

Mama mdogo alikuwa amesikia injini, anakuja akijikongoja. Walishikana mikono, wakatazamana. Halafu mama mdogo akasema, "Umekonda," na mama akasema, "Wewe umezeeka," wakaanza kucheka. Jioni walikwenda pamoja kaburini. Mimi sikufuata. Nilimwona mama kwa mbali akiinama kwa shida na kuweka blanketi begani mwa mdogo wake.

Siku mbili mto ulinguruma. Tulikula ndengu na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Wao wawili walikalia benchi moja refu kivulini wakichambua ndengu, wakibishana kuhusu watu waliokufa kabla sijazaliwa, na usiku walilala kitanda kimoja. Nilisikia mama akilalamika juu ya shuka.

Asubuhi ya siku ya tatu niliteremka mtoni na binamu yangu. Maji yalikuwa yameshuka mpaka chini ya goti, na mchanga chini yake ulikuwa umeshindiliwa mgumu na mto. Nilitembea hadi katikati na kurudi. Kwa matairi yale laini na ule mkonga, pikapu ingevuka bila hata kulowesha vipandio vya ngazi. Binamu yangu alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Tuliporudi walikuwa wanakunywa uji. Mama tayari alikuwa amevaa kile kitambaa chake cha kanisani, mkoba umefungwa, umewekwa karibu na mguu wake. Hakunitazama usoni. Alitazama uji.

"Baba," alisema, "lile gari lako linaweza kuvuka leo?"

Mwaka mzima nilikuwa nimesubiri mtu aniulize swali hilo. Nilifikiria fundi wa Kiirua akigusa kifua chake, na wazee wa kamati niliowasimamisha juani kuwaeleza habari ya hewa na maji.

"Haliwezi, mama," nilisema. "Haliwezi kabisa. Pengine kesho kutwa."

Binamu yangu alikohoa, akasema mbuzi wanamngoja, akatoka. Mama alivuta pumzi ndefu na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamgeukia mdogo wake, akafungua kitambaa kichwani.

"Umesikia," alimwambia. "Baba amekataa tusiende."

"Baba akikataa amekataa," mama mdogo alisema, na akamwongezea uji.

Nilichukua bomba la grisi nikaenda kulala chini ya pikapu ili nionekane nina kazi. Nilipiga grisi kila sehemu niliyofundishwa, moja baada ya nyingine, nikizitaja kwa sauti ndogo, na zote tayari zilikuwa na grisi.